Siku Tulipolisafisha Tundu la Chaja

Simu ya kwanza ya nyumba yetu ilikaa ndani ya shimizi la mama mkwe wangu. Alikuwa ameshona mfuko upande wa ndani, chini kidogo ya kiuno, na humo aliweka kila kitu ambacho hakutaka kiguswe na mtu: ufunguo wa kabati, pipi za wajukuu, leso, na baadaye simu. Ikilia, aligeukia ukutani, akainua gauni, akapekua, na mara nyingi alipoifikia, mpigaji alikuwa ameshakata. Baba mkwe aliangalia pembeni muda wote huo, kama mtu anayesubiri wenzake wamalize kuomba.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyeituma kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kupanda mlimani kwetu Masama, na mwenye nayo alijulikana hata kwa watu wa vijiji vya juu. Yetu ilikuwa ya kijivu, fupi na nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, na chini yake kulikuwa na kitundu cha duara cha kuchomekea chaja.

Shemeji alikuwa amemkusudia baba yake. Lakini baba mkwe, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, aliigeuzageuza mkononi, akaipitisha upande wa pili wa meza kwa mke wake.

"Mfuko wangu wa koti ni wa miwani na kitabu cha nyimbo," alisema. "Siwezi kukaa mbele kanisani halafu nianze kulia kama kengele ya shule. Kaa nayo wewe, Mama."

Mama hakubisha. Ikaingia kwenye shimizi.

Sasa, humo kwenye shimizi kulikuwa na mkazi mwingine ambaye sikumtaja. Mama mkwe alikuwa ananusa ugoro. Aliufunga kwenye kipande cha nailoni, akakikaza kwa uzi wa mgomba, akakisokomeza kwenye mfuko uleule. Jambo hili lilijulikana na kila mtu pale nyumbani, na majirani, na nadhani hata ng'ombe, isipokuwa mume wake. Ndivyo tulivyoamini.

Zamani walikuwa wananusa wote wawili. Baba mkwe alipochaguliwa mzee wa kanisa, aliamua kwamba nyumba ya mzee wa kanisa isinuke tumbaku, na wakaacha siku moja, yeye na mke wake. Alipenda sana kulisimulia hilo mbele ya vijana wa kipaimara. "Mimi na Mama yenu," aliwaambia, "tuliliweka lile kopo la ugoro juu ya meza, tukalitazama, tukalitupa." Mama alikaa kwenye benchi la wanawake, mikono magotini, akitazama mbele.

Kumbe yeye aliacha mezani tu. Mchana alichukua panga na kamba, akaenda kukata majani ya ng'ombe huko chini kwenye migomba, na baada ya kitambo ungesikia chafya moja kubwa, halafu kimya, halafu nyingine. Akirudi na mzigo kichwani, macho yalikuwa mekundu kidogo na moyo mweupe kabisa.

"Una mafua?" baba mkwe alimuuliza mara kwa mara.

"Vumbi la majani."

"Pole."

Mimi niliishi nao na mwanangu mchanga. Mume wangu alikuwa anapandisha wageni mlimani, kwa hiyo siku nyingi hakuwepo, na mengi ya nyumba ile niliyaona peke yangu.

Simu ilianza kusumbua wakati mbaya. Mke wa shemeji alikuwa karibu kujifungua kule Dar es Salaam, mtoto wake wa kwanza, na tulikuwa tumeahidiwa kupigiwa mara tu mambo yakiwa tayari. Siku hizo kila mtu alikuwa anaisikiliza ile simu hata ikiwa haijalia. Ndipo chaja ikaanza kukataa. Mwanzoni ilitosha kuizungusha kidogo. Baadaye ikabidi iegemezwe. Baba mkwe alivumbua namna ya kuilaza simu juu ya kikombe, waya ukabanwa na kitabu cha nyimbo, na ole wake apitaye karibu akatikisa meza. Halafu hata hivyo ikagoma. Ukichomeka, pini haikuingia mpaka mwisho, na ile picha ya betri ilibaki vilevile, na kijistari kimoja tu.

Baba mkwe alisema umeme wa siku hizi hauna nguvu. Akaibeba chaja hadi kwa jirani, ikajaza simu ya jirani bila shida, akarudi amenyamaza. Mama alisema simu imechoka, ipumzishwe.

"Imechoka kwa kazi gani?" baba mkwe aliuliza. "Inalala kutwa."

Asubuhi iliyofuata niliikuta juani, imelala kwenye wavu wa kuanikia kahawa, katikati ya kahawa. Niliitoa nikaipangusa. Mchana, nikiwa jikoni nakoroga mtori wa ndizi, nikachungulia uani nikamwona baba mkwe ameketi kwenye kiti chake cha barazani, miwani usoni, simu mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameshika shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Alikuwa anailenga kwenye kitundu kama mtu anayetia uzi.

Katika nyumba ile mkamwana hamkaribii baba mkwe hivihivi, sembuse kumpokonya kitu mkononi. Hata chai nilimwekea mezani, nikasogea, ndipo akaichukua. Kwa hiyo nilisimama kwenye ngazi ya baraza, mwiko mkononi, nikasema, "Baba, samahani. Hiyo itaiua simu."

Akanitazama juu ya miwani. "Itaiuaje? Haina damu."

"Ndani ya tundu kuna vyuma vidogo vya kupokea umeme, Baba. Shazia itavipinda, au itavigusanisha. Na betri imo ndani."

Akatazama ncha ya shazia, akaiweka chini taratibu.

"Basi mafuta ya taa. Kwa unyoya."

"Hapana, Baba."

"Maji ya moto kidogo, na pamba."

"Maji ni mabaya zaidi, Baba."

"Nipulize kwa mdomo."

"Mate, Baba."

Alivua miwani. Nilidhani nimemuudhi, lakini alikuwa anatafakari, maana alikuwa mwalimu na mwalimu hapendi mwanafunzi anayejua kukataza tu. "Sasa niambie kinachofaa," alisema. "Na uniambie umekitoa wapi."

Nikamweleza. Kabla sijaolewa niliwahi kufanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Moshi mjini, na kwenye baraza letu palikuwa na fundi wa simu. Siku ambazo hakukuwa na wateja nilikuwa namtazama. Kazi ya kutoa uchafu aliifanya mara nyingi kuliko zote, na aliifanya kwa kijiti kikavu na uvumilivu, huku akigombana na wateja waliokuwa wameanza wenyewe kwa pini za nywele. Nilisema hata nyumbani inawezekana, mradi simu izimwe, betri itolewe, na mtu asiwe na haraka.

"Haraka sina," alisema baba mkwe. "Leta vitu."

Nikatandika kitambaa cheupe kwenye meza ya barazani ili tuone kinachotoka. Nikaleta kijiti cha kuchokolea meno, nikakichonga kwa wembe mpaka ncha ikawa nyembamba na bapa. Nikaleta mswaki mpya wa mtoto, laini, mkavu. Nikaleta tochi. Mwisho nikakumbuka kile kimpira cha kunyonyea kamasi za mtoto nilichonunua duka la dawa na sikuwahi kukitumia. Ukikiminya kinatoa upepo, na hakina mate. Baba mkwe alikipenda sana. Alikiminya mara kadhaa hewani, akajipulizia shavuni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumefungua mfuniko wa nyuma wakati mama mkwe aliporudi na mzigo wa majani. Akautua, akaja barazani anajipangusa shingo. Akaona kitambaa, kijiti, tochi, na simu imefunguka mgongo.

"Mnafanya nini na simu yangu?"

Sikuwahi kumsikia akiiita yake. Baba mkwe alikuwa anaiweka betri kwenye kisahani cha chai, kwa adabu, kama kitu cha altareni.

"Tunatoa uchafu kwenye tundu."

"Uchafu gani? Haina uchafu."

"Tutauona."

"Ipelekeni mjini kwa fundi. Mimi mwenyewe nitashuka nayo kesho."

"Mtoto wetu anaweza kupiga leo. Mkamwana anajua kazi hii."

Mama akanitazama. Mtazamo ule ndio ulionifanya nielewe, nikiwa nimechelewa, kitu ambacho ningepaswa kukielewa tangu mwanzo: mfuko mmoja, simu, na kile kifurushi cha nailoni. Nikahisi mtori unaungua jikoni, au nilitamani uungue.

"Ng'ombe anakoroma vibaya," alisema mama. "Nenda ukamtazame."

Baba mkwe akasikiliza kidogo. "Anakoroma vizuri."

"Nikuletee uji?"

"Baadaye. Unanikinga mwanga, Mama."

Nilitaka kuifanya mimi kazi ile, nikiharibu kidogo ikibidi, lakini baba mkwe alisema chombo ni cha nyumba yake na atakisafisha yeye, mimi nielekeze na kumulika. Kwa hiyo nilisimama ng'ambo ya meza, nimenyoosha mkono wote wenye tochi ili nisimkaribie, mtoto mgongoni, nikitoa maelekezo kwa sauti ya heshima. Ielekeze chini, Baba, kitakachotoka kidondoke. Usisukume ndani. Pita pembeni, uvute kuja kwako. Usikwangue katikati, pale ndipo penye chuma. Alifanya kila nilichosema. Mkono wake, uliozoea chaki, ulikuwa mtulivu kuliko wangu.

Kwanza zikatoka nyuzi za pamba za rangi ya waridi.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Shimizi," nilisema, na mara nikaona aibu kulitaja neno hilo mbele yake. Yeye aliona aibu zaidi, akaziweka pembeni haraka.

Kikafuata kipande cha pipi kilichoshikana na uchafu, na nyuma yake likaanza kutoka donge lenyewe. Lilikuwa la kahawia, limeshindiliwa kama udongo wa kichuguu, likidondoka vipande vidogovidogo kwenye kitambaa cheupe.

"Udongo," alisema baba mkwe.

"Ni udongo," mama alidakia. Alikuwa amesimama kwenye mlango, leso mdomoni. "Ni wa shambani."

"Udongo wetu si mwepesi hivi."

"Basi ni kahawa. Si uliianika kwenye kahawa?"

"Niliianika leo asubuhi. Hii imekaa siku nyingi."

Nilisema kwa haraka kwamba palipofikia panatosha, tujaribu chaja. Lakini baba mkwe alikuwa ameona kwa tochi kwamba kuna kingine kimebaki ndani kabisa, na mkono wake ulikuwa umeshakifuata kimpira. Nikamwambia ageuze uso, simu aielekeze chini na upepo aupitishe kwa upande. Kuielekeza chini aliielekeza. Kugeuza uso hakugeuza, alitaka kuona. Akainama mpaka pua ikakaribia kitundu, akaminya kwa nguvu zake zote.

Alipiga chafya. Akapiga nyingine. Halafu ikaja moja ya namna ile inayoanza mbali, mtu anabaki mdomo wazi, mkono hewani, na wote mnasubiri. Ilipofika, miwani iliruka ikaangukia kwenye kisahani cha betri. Mwanangu mgongoni alishtuka, akaanza kucheka.

Mama hakusogea mlangoni.

Baba mkwe alijifuta macho. Akaokota miwani, akaivaa. Kisha akachukua vumbi kidogo kwa ncha ya kidole, akalisugua kwa dole gumba, akalipeleka puani taratibu, safari hii kwa hiari. Akafumba macho. Niliona uso wake ukilegea, ukawa uso wa mtu mwenye umri mdogo zaidi.

"Huu si udongo," alisema.

Akafumbua macho.

"Ni ugoro. Na si wa hapa. Huu ni wa Mkuu, Rombo. Wale akina mama wa nyuma ya soko, wanaosaga laini namna hii na kuzidisha magadi. Huwezi kuukosea."

Alisema hivyo kwa uhakika wa mwalimu anayesahihisha mtihani, na nadhani alikuwa ameanza kugeuka amkabili mke wake. Lakini mama alikuwa ameshaiondoa leso mdomoni.

"Mzee."

"Naam."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Wakati ule tunanusa, tulinunua hapahapa Masama, kwa yule bibi wa darajani. Hatukuwahi kununua Mkuu. Umewajuaje akina mama wa nyuma ya soko?"

Baba mkwe akasafisha koo. Akaisogeza betri kwenye kisahani. "Nilipokwenda kwenye ule mkutano wa wazee wa kanisa," alisema.

"Mkutano upi?"

"Ile mikutano."

Neno hilo likakaa pale mezani. Mimi niliendelea kumulika tochi mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mama akavuta kigoda, akakaa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi mchana, akamtazama mume wake kwa muda mrefu. Sikuona hasira. Alikuwa kama mtu aliyebeba mzigo mlima mzima halafu anaambiwa gari lilikuwa linapita.

"Unanusia wapi?" alimuuliza.

"Ofisini kwa mwinjilisti. Yeye hutoka nje."

"Na zile chafya?"

"Nilisema ni vumbi la vitabu."

"Pole," alisema mama.

Bega la baba mkwe lilianza kutikisika. Alikaza mdomo, akatazama mgomba ulio karibu, haikusaidia. Mama naye akainama, akajifunika uso kwa leso, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya msichana. Walicheka bila kutazamana. Mimi sikujua kama mkamwana anaruhusiwa kucheka hapo, kwa hiyo niling'ata midomo mpaka tochi ikatikisika.

Baba mkwe ndiye aliyetulia kwanza. "Mwanangu," aliniambia, akiwa bado anajifuta macho, "kuna kilichobaki?"

"Kidogo, Baba."

"Basi tumalize kazi."

Tukamaliza. Mswaki ukapita kwa upole, simu ikigongwagongwa kwenye kiganja mpaka kisitoke kitu tena. Nikamulika, tundu likawa safi, chuma cha katikati kinang'aa, kimenyooka. Betri ikarudi, mfuniko ukarudi, na baba mkwe akaichomeka chaja mwenyewe. Iliingia mpaka mwisho kwa sauti ndogo. Vile vijistari vikaanza kupanda kimoja kimoja, na tukasimama watatu tunavitazama kama watu wanaotazama maziwa yasifurike. Mtori, kwa kweli, ulikuwa umeungua.

Shemeji alipiga jioni ile. Mama alikuwa ameiacha simu mezani, kwa hiyo aliyeipokea ni baba mkwe, kwa mara ya kwanza, akiishika mbali na sikio na kuongea kwa sauti ya kuhutubia uwanja. Mtoto ni wa kike. Mama yake mzima. Nilisikia sauti ya shemeji ikilalamika kwamba alikuwa anapiga tangu jana bila kutupata.

"Tundu lilikuwa na uchafu," baba mkwe alimwambia.

"Uchafu gani, Baba?"

Akamtazama mke wake. "Vumbi la majani," alisema.

Walichoamua baada ya hapo kuhusu ugoro sikuambiwa, na sikuuliza. Najua tu kwamba ile habari ya kopo juu ya meza haikusimuliwa tena kwa vijana wa kipaimara, na kwamba mama alipokwenda kukata majani, siku nyingine baba mkwe alimfuata kumsaidia kubeba, kazi ambayo hakuwahi kuisaidia. Nilimshonea mama kimfuko cha kitambaa kizito chenye kifungo, cha simu peke yake. Alikitazama, akanitazama, akasema, "Asante, mwanangu," kwa namna iliyofunga mjadala.

Kilichonishangaza ni baba mkwe mwenyewe. Alikuwa ameipenda kazi. Jumapili baada ya ibada aliwaambia wanaume wenzake namna ya kusafisha tundu la simu, na Jumapili iliyofuata wakaja nazo. Alikaa barazani na kitambaa cheupe, kijiti, mswaki na kile kimpira ambacho mwanangu hakukipata tena. Kabla ya kugusa simu yoyote aliwauliza, "Tunaanza na nini?" nao walijibu kwa pamoja, "Kutoa betri." Aliyekuja na simu iliyokwisha kuchokolewa kwa pini alisomewa mashtaka mbele ya wenzake. Iliyoingia maji hakuigusa. Aliirudisha kwa mwenyewe akamwambia ateremke mjini. Na uso aligeuza, kila alipominya.

Alitoa humo unga wa mahindi, majivu, majani ya chai, na kwenye simu ya kiongozi wa kwaya akatoa kitu alichokifunika kwa kiganja upesi na hakukitaja kwa mtu, hata kwa mama. Siku moja akaja jirani mmoja ambaye mke wake alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Simu yake ilikuwa imekaa wiki nzima kwenye rafu juu ya ulezi uliolowekwa. Baba mkwe aliingiza kijiti, akavuta polepole, akasimama. Kwenye ncha kulikuwa na punje moja ya ulezi, imechipua, ina kimzizi cheupe na kijani kidogo kwa juu.

Aliilaza katikati ya kisahani. Tukaizunguka wote, tukaitazama. Akamuuliza mwenye simu kama angependa kuondoka nayo.

Yule jirani akafikiri.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Ipande tu hapa kwako."